Jina la Dawa Tunalo, Kipimo Chake Ki Wapi?

Ukiingia katika duka lolote la Mombasa, Malindi au Lamu ukaomba mswaki, utakabidhiwa kijiti cha plastiki chenye manyoya ya nailoni. Ukiutaka ule waliouita mswaki wazee wetu, itakubidi uongeze neno: mswaki wa mti. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, lilitujia pamoja na mambo ya udhu na Sala, likakaa juu ya kijiti cha mti kwa karne nyingi bila ya kugombewa. Kisha kikaja kitu cha kiwandani kikalitwaa jina, na mwenye jina akawa kama mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Hata ule urojo utokao katika mrija twauita "dawa ya meno", ilhali kijiti ambacho dawa imo ndani yake hatukiiti dawa.

Nasema dawa imo ndani yake, wala sisemi hivyo kwa kutaka kuwapendeza wazee. Jambo hilo limepimwa likaonekana. Nami leo nataka kuzungumza na wasomaji wa ukurasa huu juu ya huko kupimwa, kwa sababu naona sisi watu wa pwani tumelishika jambo moja na kuliachilia la pili lake. Tumeshika majina ya dawa: mswaki, mwarobaini, habasoda, karafuu, mjafari, mzunze. Vipimo vyake tumeviachilia. Tena hata hatuoni kwamba kuna kitu tulichokiachilia.

Nianze na huo mswaki, maana ndio uliokwisha kupita katika mizani.

Mti wake wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Ni mti wa nchi kavu na ardhi yenye chumvi. Humea huku pwani na kaskazini mwa Kenya, ng'ambo katika Uarabuni, mpaka Bara Hindi, na ngamia huupenda kwa majani yake. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, mjini Stockholm, walitoa habari za jaribio ambalo kila nikilikumbuka hunifurahisha. Walichukua visahani vilivyooteshwa bakteria wa kinywani, wakiwemo wale waletao maradhi ya fizi, kisha wakachukua vipande vya mswaki mbichi. Vingine walivizamisha ndani ya kile chakula cha bakteria. Vingine walivining'iniza juu ya kisahani, visiguse kitu. Basi vile vilivyoning'inizwa navyo viliwaua bakteria, sawa na vile vilivyozamishwa na pengine kuzidi. Maana yake ni kwamba ile dawa hupaa. Ni kama harufu, hutoka mtini ikaenda kumkuta adui aliko.

Mwaka 2011 wakaipata yenyewe na kuitaja kwa jina: benzili isothiosianeti. Jina ni gumu lakini kitu chenyewe wakijua, msomaji. Ni ule ukali unaokuuma ulimi unapoutafuna mzizi mbichi, ukapanda mpaka puani. Ni ndugu wa ukali wa haradali.

La kushangaza zaidi ni kwamba dawa hiyo haikai ndani ya mti ikiwa tayari. Katika mzizi mna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja chumbani mwake, na hakuna kati ya hivyo kilicho kikali. Unapotafuna huzibomoa kuta za vyumba hivyo, vikakutana, na papo hapo ukali ukazaliwa. Kwa hivyo kule kutafuna si matayarisho ya kuufanya mswaki uwe laini tu. Kutafuna ndiko kunakoitengeneza dawa! Wazee wetu hawakuwa na habari za vyumba wala kuta, lakini walishika mwendo wenyewe: tafuna kwanza mpaka utoe nyuzi, ndipo upige.

Na mti huo hauko peke yake katika hila hiyo. Wataalamu wa mimea wameuweka katika ukoo mmoja na haradali, mpapai, mzunze ambao wengine huuita mlonge, hata kabichi na sukuma wiki. Wote hao wana huo mtindo wa kuweka vitu viwili mbalimbali mpaka jani au mbegu ivunjwe. Mbegu za papai zikisagwa hutoa benzili isothiosianeti ile ile ya mswaki. Nani katika sisi wa rika langu hakutafunishwa mbegu za papai utotoni kwa ajili ya minyoo? Tulikunja nyuso tukazimeza, bila ya kujua kwamba kilichokuwa kikituchoma kooni ni kitu kile kile alichokuwa nacho babu mkononi kila akienda kutawadha.

Lakini mizani haipimi upande mmoja. Katika majaribio yale yale ya Stockholm, bakteria wa maradhi ya fizi walikufa kwa wingi, ama wale wanaotoboa meno hawakudhurika kadiri ile. Hapo ndipo inapofaa mtu kusikiliza kwa makini. Mswaki ni rafiki mkubwa wa fizi. Jino lililokwisha kutoboka haulizibi. Vivyo hivyo karafuu. Mafuta yake, yujenoli, hutuliza maumivu na kuua vijidudu, na madaktari wa meno wenyewe wamekuwa wakiyachanganya na unga wa zinki kwa kuzibia meno kwa muda. Lakini nimewaona watu wenye kutia karafuu katika jino mwaka mzima, huku tundu likichimba kuelekea kwenye taya.

Tena, maadamu dawa ya mswaki hupaa, mswaki uliokauka si sawa na mbichi. Siku hizi twanunua vijiti vilivyofungwa katika karatasi ya nailoni, vyatoka Pakistan, vimening'inia juani mlangoni mwa duka sijui tangu lini. Utafune: hauumi ulimi. Utasugua meno, nako kusugua kuna faida yake, lakini ule ukali umekwisha kwenda zake. Nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikata ncha ya mswaki wake kila alfajiri na kuanza mpya, na mtoto aliyeonekana na ncha ya jana alinyang'anywa. Madaktari wa meno leo washauri jambo hilo hilo, ncha ikatwe kila siku. Nyanya hakupata kusikia habari za Stockholm. Yeye alikuwa na kipimo: mbichi, umetafunwa, ncha mpya.

Sina haja ya kuwakumbusha wasomaji wa pwani jinsi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivyoutilia mkazo mswaki katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Nataka tu kutaja kwamba hata wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliuwekea saa zake, wakachukia mwenye kufunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Yaani katika dini na katika tiba, waliotangulia hawakuridhika na kusema "ni kitu chema" wakanyamaza. Waliuliza: lini, vipi, kwa nani?

Sasa natoka kwenye mswaki naenda kwenye mwarobaini, na hapa uso wangu unakunjamana.

Si siku nyingi nilisimama katika soko moja mbele ya kijana aliyepanga chupa zilizokuwa za soda, zimejaa maji ya rangi ya kahawia. Nikamwuliza ni dawa gani.

"Mwarobaini, mzee wangu."

"Watibu nini?"

"Malaria, sukari, presha, minyoo, vidonda vya tumbo, mgongo. Na mambo ya chumbani pia," akacheka.

"Hunywewa kiasi gani, mwanangu?"

"Kikombe, kutwa mara tatu. Ukiona hupati nafuu, ongeza."

"Na mtoto mdogo?"

"Mtoto naye si mtu, mzee? Mpe."

Nikamwuliza majani aliyachuma lini na aliyachemsha muda gani. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza mahari aliyotolewa mamake. Sikumkasirikia sana. Aliyemfundisha biashara ile alimpa jina la mti na bei ya chupa, basi.

Mti huo, ambao sisi huku twauita pia mkilifi, ulitujia kutoka Bara Hindi, na jina la mwarobaini limetokana na sifa ya kutibu maradhi arobaini. Sifa ni tamu, na baadhi yake ni ya kweli. Ndani yake mna vitu vingi vichungu, na vingine vimeonekana katika maabara kuwa vyaua bakteria na ukungu. Mwaka 1968 kilitolewa kimoja kiitwacho azadiraktini, ambacho humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba akakua. Wazee waliokuwa wakitia majani makavu ya mwarobaini katika nafaka hawakuwa wakifanya uchawi.

Lakini mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini na wazee wao, kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya maradhi madogo madogo ya kitoto. Watoto wale walianza kutapika, wakalegea kwa usingizi, pumzi zikaenda mbio, wakashikwa na degedege, ini na ubongo vikadhurika. Mafuta yale yale ambayo mtu mzima huyapaka juu ya upele wake. Mti ni mmoja. Kilichobadilika ni sehemu ya mti, kiasi, njia ya kuutumia, na umri wa anayepewa.

Nyanya alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba. Majani aliyachemsha akatuogeshea tulipotoka upele au tetekuwanga. Mtu mzima mwenye homa alipewa ya kunywa kidogo, kwa siku chache, kisha alikatazwa. Mja mzito hakupewa asilani, wala mtoto anyonyaye. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba hivyo ndivyo alivyopewa na mamake. Hakuwa na sababu ya kueleza, lakini mpaka alikuwa nao. Kijana wa chupa hana sababu wala mpaka, na wateja wake ni wengi kuliko waliopata kufika uani kwetu.

Najua atatokea mtu aniambie: "Lakini imethibitishwa maabarani kwamba yaua vijidudu." Naam, ndani ya kisahani. Ndani ya kisahani hata siki huua vijidudu, na chumvi, na mafuta ya taa. Hakuna atakayempa mgonjwa kikombe cha mafuta ya taa. Kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye damu ya binadamu ni safari ndefu: dawa ifike tumboni isiharibike, ipenye, ifikie kiasi cha kumwua mdudu kabla haijafikia kiasi cha kumwua mwenyewe. Mimea iliyoshinda katika visahani ni maelfu. Iliyomaliza safari yahesabika.

Wala kupima si jambo la kizungu, kama wengine wetu wapendavyo kudhani. Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu cha pili cha Qanuni yake masharti ya kuijaribu dawa. Alitaka dawa ijaribiwe kwa maradhi yaliyo wazi, yasiyochanganyika na mengine. Alitaka nguvu ya dawa ilingane na nguvu ya ugonjwa. Alitaka ionekane kwamba yafanya kazi kila mara, isije ikawa ni bahati. Akasema ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwani kumjaribu simba au farasi hakutoshi kuthibitisha lolote juu ya mtu. Haya yaliandikwa karibu miaka elfu moja iliyopita na Mwislamu ambaye jina lake limo katika vibao vya waganga wengi wa siku hizi. Jina lake wamelibandika mlangoni. Masharti yake sidhani kama yamevuka kizingiti.

Na habasoda? Hapa naingia kwa adabu, kwa kuwa pana hadithi sahihi. Mbegu hiyo ina kitu kiitwacho thaimokwinoni, na maabara nyingi zimeona kwamba chaua bakteria na kupunguza uvimbe. Lakini nimepata kumwona mtu mwenye kifua kikuu aliyeacha vidonge mwezi wa pili, akasema habasoda yamtosha kwa kuwa imesemwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Angalimwuliza mwanachuoni kabla ya kuacha! Al-Khattabi, na baada yake Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, wamelieleza neno "kila" katika hadithi hiyo kwamba laweza kuwa la jumla lenye kukusudiwa mahsusi, yaani maradhi ya namna fulani yanayopingana na tabia ya mbegu hiyo. Na Mtume huyo huyo ndiye aliyetuamrisha tutafute matibabu. Hakutuambia tusikome kutafuta tukisha kuipata habasoda.

Kwa upande wa pili kuna wasomi wetu ambao wakisikia "mizizi" hucheka. Hao nawapa kisa cha Tu Youyou wa Uchina. Zama za vita vya Vietnam serikali ya China ilitafuta dawa ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini. Bibi huyu na wenzake walipitia vitabu vya kale na kujaribu mimea mingi. Mmea mmoja, wa jamii ya pakanga, ulionyesha dalili njema kisha ukawavunja moyo. Siku moja akarudia kusoma maagizo ya tabibu Ge Hong, wa karne ya 4, akatambua kwamba tabibu yule hakusema uchemshe. Alisema uloweke katika maji, ukamue, unywe. Basi huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Mwaka 1971 akaitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa kwanza wao wenyewe kuona kama ni salama. Ndiyo artemisinini, ambayo leo imo katika vidonge vya malaria tupewavyo katika kila zahanati ya pwani. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Yatazameni maneno yale: loweka, kamua. Lau Ge Hong angeandika jina la mmea peke yake, kama afanyavyo kijana wetu wa chupa, dawa ile pengine isingepatikana. Kilichowaokoa mamilioni ya watoto, pamoja na wa Kilifi na Kwale, ni kwamba mtu mmoja miaka elfu moja na mia sita iliyopita aliandika namna ya kuitengeneza.

Wengine husema: mambo haya ya nini, na vidonge vya antibiotiki vimejaa madukani? Vimejaa kweli, na hilo ndilo tatizo. Mtu akipiga chafya mbili hukimbilia duka la dawa, akauziwa vidonge vinne vya rangi mbili kwa kuwa hana pesa za kumi na tano, akameza viwili, akapata nafuu ambayo angeipata hata kwa maji moto, viwili vilivyobaki akamwekea mkewe. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa jambo hili hili: mume akanunua penisilini akameza kidogo, akawafundisha vijidudu kuizoea, vikamhamia mkewe, na mke akafa kwa dawa kushindwa. Yaani aliyeileta dawa ndiye aliyetuonya, na mapema.

Onyo hilo limetimia. Uchunguzi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na mzigo mzito zaidi uliangukia nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara. Artemisinini nayo imeanza kutiliwa shaka: tangu mwaka 2020 zimechapishwa habari za vimelea vya malaria vyenye kuikaidi kwa kiasi fulani katika Rwanda, kisha Uganda. Hiyo ni jirani yetu, si Asia tena. Na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikataa kuunga mkono chai ya ule mmea wenyewe: kikombe hakina kipimo, na dawa pungufu ni darasa la kumfundisha mdudu.

Katika hali hii mimea yetu ina thamani iliyozidi ile ya zamani. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza jambo walilolikuta katika mimea ya jamii ya Berberis. Mimea hiyo ina dawa moja iuayo bakteria, iitwayo beberini, lakini bakteria mmoja mkorofi wa majipu ana kitu kama pampu ambayo huitapisha nje dawa hiyo kabla haijamdhuru. Basi mmea umejitengenezea kitu cha pili, ambacho peke yake hakimwui mtu wala mdudu. Kazi yake ni kuiziba ile pampu! Vikienda pamoja, bakteria hana pa kutokea. Nani ajuaye katika misitu ya Makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, mna mzizi gani wenye kuziba pampu gani? Taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi yetu, KEMRI, ina idara yake ya dawa za kienyeji. Lakini mtafiti akifika kijijini akaambiwa "huu ni mti wa homa" tu, atahitaji umri wa Nabii Nuhu kumaliza kujaribu kila ganda na kila jani.

Kuna na hasara nyingine ya kutoandika. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani haki ya kumiliki njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Wahindi na marafiki zao wakapinga, wakaleta ushahidi kwamba jambo hilo lilikuwa likijulikana na kutumiwa India kabla ya hapo. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Miaka zaidi ya kumi kugombea mti ambao bibi wa kijijini ameutumia maisha yake yote! Walishinda kwa sababu walikuwa na cha kuonyesha. Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi maarifa ya jadi, na ni sheria njema, ila sheria hailindi kitu kilichozikwa pamoja na mwenyewe huko makaburini.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Siwaombi watu waache hospitali, la hasha, wala siwaombi waache mswaki. Nawaomba waliojaaliwa kuwa na mama, nyanya au shangazi mwenye elimu hiyo wakae naye na daftari. Wasiulize "mti huu ni dawa ya nini" wakafunga daftari. Waulize ni mzizi, ganda au jani. Mbichi au mkavu. Huchemshwa au hulowekwa, na kwa muda gani. Kijiko au kikombe, siku ngapi. Nani asipewe. Na ni dalili gani ikionekana mgonjwa hupelekwa hospitali mbio, maana wazee wenye elimu ya kweli walikuwa nayo hata hiyo. Maustadhi wa madrasa nao, wanapowafundisha watoto sunna ya mswaki, wawafundishe pia kuutafuna mbichi na kuikata ncha. Litawachukua dakika tano.

Mimi mwenyewe nimeanza na shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini na macho yamempunguka, lakini majani huyajua kwa kuyafikicha na kuyanusa. Tuna mimea kumi na mmoja daftarini. Si kazi nyepesi. Mwarobaini peke yake ulitumaliza jioni mbili, kwa kuwa kila nilipoandika "majani kiasi" alinigombeza: kiasi gani, kiganja cha nani, changu au chako? Mwisho tukayahesabu jani kwa jani juu ya sinia. Juzi tulifika kwenye mjafari. Nilimwuliza kama ni mzizi au ni ganda, akaniambia nimletee tambuu kwanza, na asali yake iwe ya nyuki wadogo, kisha tutazungumza.